Mama mkwe hawezi tena kufunga kilemba

Shikamoo Sista,

Mimi nimeolewa Kibosho, huu ni mwaka wa 11. Mume wangu anaendesha magari ya watalii Arusha, msimu ukichanganya anakuja nyumbani mara moja kwa wiki tatu, kwa hiyo ninayeishi na mama yake ni mimi. Mama ana miaka 73. Ana presha na dawa zake anakunywa bila kukumbushwa. Mpaka juzi juzi alikuwa analima kihamba mwenyewe na kunisema mimi kwamba ni mvivu.

Wiki tatu zilizopita aliamka anaumwa kichwa. Mama si mtu wa kulalamika kichwa, ndiyo maana nilishtuka. Alisema kinamgonga kwenye panja la kulia, hapa pembeni ya jicho, na usiku ndiyo kinazidi. Tukasema ni baridi, maana kipupwe cha mwaka huu hakina huruma. Nikamchua, nikampa Panadol, haikusaidia. Duka la dawa la barabarani wakatupa diklofenaki. Siku mbili akawa na nafuu, ya tatu kikarudi vilevile.

Baada ya hapo yakaanza mambo nisiyoyaelewa. Mama ni wa kwaya ya akina mama, na kilemba chake kule kanisani kinajulikana. Jumapili iliyopita alikwenda kichwa wazi. Sista, miaka yote hiyo sijawahi kumwona mama kanisani bila kilemba. Nilipomuuliza akasema kitambaa kikimgusa ni kama kaa la moto. Jioni nikachukua chanuo nimchane, akanishika mkono akasema, "Acha, mwanangu, hapo pana kidonda." Nikapapasa, hakuna kidonda. Hata mto siku hizi analalia upande mmoja.

Kula nako ni shida. Mtori anamaliza bakuli, lakini makande anatafuna vijiko vitatu vinne, kisha anaweka kijiko chini na kushika taya, ametulia kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Baada ya muda anaendelea. Wifi yangu mkubwa alipoona vile akasema hilo ni jino. Akampeleka mjini, wakang'oa gego. Taya linauma kama mwanzo, na sasa ana pengo juu yake. Asubuhi mabega hayainuki, mimi ndiye ninayemvalisha sweta. Sketi zake anazibana na pini.

Wifi mkubwa anasema uzee hauna dawa. Mdogo anasema ni mawazo ya ile kesi ya mpaka na jirani. Mume wangu anasema tusubiri mwisho wa mwezi alipwe. Nilipong'ang'ania nikaambiwa natafuta sababu ya kutumiwa hela. Nimeumia, nikanyamaza. Naomba uniambie: kichwa cha mzee ni cha kusubiri, au nina haki ya kuogopa?

Mkwe wa Kibosho

N.B. Nilisahau. Juzi mchana alikuwa uani anachambua maharage, akauliza, "Mbona giza limeingia?" Jua lilikuwa la saa saba. Akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, akasema la kulia limeteremkiwa na pazia. Kama dakika tano hivi likafunguka. Amenikataza nisimwambie mtu.

*

Marahaba mwanangu.

Umeandika kurasa mbili, halafu jambo zito kuliko yote ukalitupa chini ya jina lako, pale ambapo watu huandika "wasalimie wote." Wasomaji wajue kwamba barua hii haikungoja zamu yake. Nilipofika kwenye pazia niliacha chai mezani nikapiga ile namba uliyoiacha. Ulikuwa kwenye foleni ya kusaga mahindi, mashine inanguruma, ikabidi nipige kelele kama nauza samaki: mpeleke mama hospitali leo, usingoje kesho, usimngoje mume wako wala mwisho wa mwezi. Mawenzi au KCMC, zote hospitali za Moshi, ila kama gari linaruhusu basi KCMC, kwa sababu idara ya macho iko palepale. Nikakuomba uandike sentensi moja kwenye karatasi umpe daktari: *Ana miaka 73, kichwa kipya wiki tatu, ngozi ya kichwa haigusiki, taya linachoka akitafuna, na jicho la kulia lilizima dakika tano.*

Sentensi hiyo niliitaka kwa sababu naijua foleni. Mzee akifika na kusema "kichwa", atapimwa presha, atapimwa malaria, atapewa vidonge na kurudi nyumbani. Wala si lazima iwe uzembe wa mtu. Kichwa kinaumwa na nusu ya watu waliokaa kwenye lile benchi. Ila mambo manne yaliyo kwenye karatasi yako yakikutana kwa mtu aliyevuka miaka 50, daktari anatakiwa afikirie ugonjwa mmoja kabla ya mingine yote, nao ni mishipa ya damu ya kichwani kuvimba. Wenyewe wanauita ateritisi. Sisi tuseme mshipa wa panja umevimba, tutaelewana.

Wewe ni mtu wa Kibosho, kwa hiyo nitakueleza kwa mfongo, ule mfereji wa kumwagilia. Maji yanashuka kutoka juu mlimani, mfongo unagawanyika, huku kihamba cha fulani, kule cha fulani. Sasa chukulia kingo za mfongo zenyewe zimevimba kwa ndani na njia imekuwa nyembamba. Maji bado yanapita, lakini siku ambayo kila mtu anamwagilia, hayatoshi. Mishipa ya kichwa nayo ni hivyohivyo. Tawi moja linapita kwenye panja na kulisha ngozi ya kichwa, ndiyo maana kilemba na chanuo vinachoma. Lingine linalisha misuli ya taya. Mtori hauhitaji nguvu, unashuka wenyewe, lakini makande yanataka kazi na kazi inataka damu. Damu isipotosha msuli unauma, mama anaweka kijiko chini, msuli unapumzika, damu inaufikia, anaendelea. Ule ukimya wake mezani ulioufananisha na kusikiliza redio ndio uliokuwa unaeleza ugonjwa. Jino halina tabia hiyo. Bovu likishachokozwa haliachi kwa sababu umetulia dakika mbili. Hata hivyo wifi yako simlaumu. Katika ugonjwa huu meno mazima yameshang'olewa sana, na kwa nchi zenye madaktari wa kila aina.

Tawi la mwisho ndilo linalonikosesha usingizi, lile linalokwenda kwenye mshipa wa fahamu wa jicho. Pazia la dakika tano lilikuwa ni maji kukatika na kurudi. Siku yasiporudi, jicho limekwenda, na lililokwenda kwa namna hii ni nadra kurudi hata likipewa dawa zote za dunia. La pili nalo, lisipotibiwa, linaweza kulifuata mwenzake ndani ya siku chache au wiki chache. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano mpaka saba huishia kupoteza uwezo wa kuona, walau kwa jicho moja, na wengi wao ni waliochelewa.

Mabega yasiyoinuka asubuhi na sketi ya pini navyo ni vya humohumo. Karibu nusu ya wagonjwa hawa wana ukakamavu wa mabega na nyonga, na wengi hupungua mwili na kuwa na homa ndogondogo. Wifi mdogo anasema ni mawazo ya kesi. Kesi ya mpaka inaweza kumnyima mtu usingizi, hilo nakubali, lakini haizimi jicho moja na kuacha la pili.

Mtu anaweza kukwambia huu ni ugonjwa wa Wazungu. Utasikia hata kwa wasomi. Ni kweli unawapata zaidi watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini, na wanawake mara mbili mpaka tatu kuliko wanaume, wengi wakiwa kwenye miaka ya 70. Lakini utafiti mmoja wa Baltimore, Marekani, uliotoka mwaka 2019, ulilinganisha wagonjwa weusi na weupe na haukuona ile tofauti kubwa iliyokuwa ikihubiriwa. Kwetu nina shaka ya kwangu mwenyewe kwamba tunawakosa kwa sababu hatuwatafuti. Nilipokuwa wodini, wazee waliopofuka "ghafla tu" nilikuwa nawaandika bila hata kuwauliza kama taya lilikuwa linachoka wakitafuna.

Na kilemba cha mama yako kina ndugu zake katika historia. Mwaka 1890 daktari Jonathan Hutchinson wa London aliandika habari za mzee ambaye hakuweza tena kuvaa kofia kwa sababu ya michirizi myekundu iliyovimba kichwani. Hata kabla yake, yapata miaka elfu moja iliyopita, tabibu wa macho wa Baghdad, Ali ibn Isa, alishaandika juu ya mishipa ya panja, maumivu ya kichwa na macho yanayopotea. Kwa hiyo usiambiwe umeleta ugonjwa wa kwenye simu.

Sasa ujumbe wako wa usiku ule. Uliniandikia: "Sista, ESR ni 94, wamesema wiki hii watakata kipande cha mshipa, lakini wamempa vidonge 12 kwa mpigo. Si watamuua?"

Hawatamuua. Hivyo ni prednisoloni, dawa ya kushusha uvimbe, kidonge kimoja miligramu 5, kwa hiyo 12 ni miligramu 60. Kwa ugonjwa huu watu huanza na 40 mpaka 60 kwa siku, na jicho likiwa tayari limeathirika wengine huanzishiwa dawa ya jamii hiyohiyo kwa dripu siku tatu. Daktari ameanza dawa kabla ya kukata kipande, na amefanya sawasawa. Dalili za ugonjwa kwenye mshipa zinabaki zikionekana kwa wiki moja mbili hata dawa ikiwa imeanza, lakini jicho halina wiki moja mbili za kusubiri.

ESR ni kasi ya chembe za damu kushuka kwenye bomba kwa saa moja. Kwa mwanamke wanachukua umri, wanajumlisha 10, wanagawanya kwa 2, hivyo kwa mama ilipaswa isizidi 41 hivi. Peke yake lakini haithibitishi kitu. Kifua kikuu kinaipandisha, upungufu wa damu unaipandisha. Inapata maana ikisomwa pamoja na kilemba na makande.

Kukata kipande kunatisha kwa jina tu. Anachomwa ganzi kwenye panja, karibu na nywele, wanachukua kama sentimita moja au zaidi ya mshipa, wanashona, anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Damu ya kichwani ina njia nyingi, haitakatika. Jambo moja uwe nalo kichwani: jibu likija "hakuna kitu", usikimbilie kutupa dawa. Uvimbe huu unaruka, kama mua ulioliwa na wadudu pingili moja na kuacha inayofuata. Wanaweza kuwa wamekata pingili nzima. Muulize daktari anaonaje kwa kuangalia dalili zote.

Utaona mwenyewe kichwa kinatulia siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapo ndipo hatari nyingine inapobisha hodi. Mama ataomba kilemba chake, atakula makande, na mmoja wa wifi zako atasema, "Si amepona, vidonge vyote hivi vya nini?" Dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo, kwa miezi, mara nyingi mwaka mmoja mpaka miwili. Mwili ukishaizoea unaacha kutengeneza ya kwake. Ukiikata ghafla mtu anaishiwa nguvu na presha inaanguka, na ugonjwa unarudi palepale kwenye jicho. Vidonge visiishe ndani ya nyumba. Bakisheni vya wiki moja siku zote, maana maduka ya huku mnayajua.

Nayo si peremende. Inapandisha sukari, inapandisha presha, inakula mifupa, inaleta mtoto wa jicho mapema, inaamsha kifua kikuu kilicholala. Anywe asubuhi akishakula, la sivyo tumbo litamkera na usiku hatalala. Waulize kuhusu vidonge vya kukinga mifupa, na kama ana kikohozi au alishawahi kukaa na mgonjwa wa TB, semeni sasa. Diklofenaki muiweke mbali kabisa. Kwa mzee wa presha ilikuwa na madhara yake hata kabla, na ikichanganywa na prednisoloni inatafuta kutoboa tumbo.

Kwa wasomaji wengine ambao wameshaanza kupapasa panja zao: vichwa vingi vya wazee si hivi. Mzee aliyejigonga kwenye mlango wiki tano zilizopita na leo ana usingizi wa ajabu na kichwa, huenda damu inavuja polepole ndani. Jicho jekundu linalouma pamoja na kutapika linaweza kuwa presha ya macho. Maumivu ya moto upande mmoja, kisha vipele, ni mkanda wa jeshi. Kichwa kilicholipuka kama radi kwa sekunde chache, au kilichokuja na mdomo kupinda au shingo kukakamaa, hicho hakina cha kupimia nyumbani. Na kipindi hiki cha baridi, kama nyumba nzima inaamka na kichwa, angalieni jiko la mkaa mlilofungia chumbani. Lakini kwa aliyevuka miaka 50, kichwa *kipya*, ambacho yeye mwenyewe anasema hakijawahi kuwa hivi, apimwe. Na msinunue prednisoloni dukani kwa kusoma barua hii.

Hela. Mume wako alikuwa na hesabu zake na sitaki kuziingilia sana, ila mama ana zaidi ya miaka 60, kwa hiyo ulizeni dirisha la wazee na utaratibu wa msamaha kwa wasiojiweza. Barua ya mtendaji wa kijiji inasaidia. Na mwambie kwamba vidonge hivi si vya bei ya kutisha. Hajaambiwa hivyo na mtu, ndiyo maana anaona mlima.

Umeuliza kama una haki ya kuogopa. Umeishi na huyu mama miaka 11 na ulijua kanisani kwamba kilemba hakipo. Wifi zako wanaokuja na kuondoka wasingeweza kuliona hilo, na mimi kwenye hilo benchi la hospitali nisingeliona. Usiwashinde kwa maneno lakini, utaishi nao. Wape kazi. Mkubwa, aliyempeleka kung'oa jino, ana gari: awe wa kliniki, na aingie naye chumbani amsikie daktari kwa masikio yake. Mdogo uliniambia kwenye simu kwamba anafanya kazi kwenye zahanati; basi sukari na presha za kila wiki ni zake, aandike kwenye daftari moja, tarehe na namba, lisichanganywe na daftari la maziwa.

Mama mwenyewe mwombe jambo moja. Kila asubuhi kabla ya chai afunike jicho moja asome namba kwenye kalenda ya ukutani, kisha jingine. Siku namba zikigeuka ukungu, au zikiwa mbili mbili, au pazia likirudi hata kwa dakika moja, mnaondoka vilevile mlivyo, hata kama ni usiku, hata kama amekukataza kusema.